Kanzidata ya ofisi: ibaki kwenye folda ya pamoja, au ihamie kwenye seva?

Simu iliingia saa moja na nusu asubuhi, siku ya mwisho ya mwezi. Mhasibu alikuwa amewahi ofisini ili afunge hesabu kabla wenzake hawajafika. "Kaka, leja imegoma tena. Inafunguka vizuri, ila ankara hii moja haikubali kuhifadhi. Inasema imefungwa na mtu mwingine, na mimi niko peke yangu humu ndani."

Nilimwomba anisomee ujumbe wote mpaka mwisho, maana wengi husoma mstari wa kwanza kisha wakabonyeza OK. Mwishoni kabisa palikuwa na jina la kompyuta: STOO2. Nilipofika nilifungua folda ya pamoja. Kulikuwa na leja.accdb, na pembeni yake leja.laccdb, faili dogo ambalo Access, programu ya Microsoft ya kanzidata (database), hulitengeneza mtu wa kwanza anapoingia na kulifuta wa mwisho anapotoka. Asubuhi ile lilipaswa kuwa na jina moja tu. Nikalifungua kwa Notepad, na katikati ya nafasi tupu nikasoma mawili.

Nikaenda stoo, nikagusa kipanya, skrini ikaamka. Fomu ya ankara ilikuwa wazi, kiasi kimeandikwa nusu, na kwenye ukingo wa kushoto wa rekodi kulikuwa na alama ndogo ya penseli. Access huonyesha penseli hiyo pale rekodi inapokuwa inahaririwa na bado haijahifadhiwa. Jana jioni mtu alianza kuandika, akaitwa, kisha akaenda zake nyumbani. Nikabonyeza Esc mara mbili, penseli ikatoweka. Nikampigia mhasibu: "Jaribu sasa." "Imekubali."

Kwa muda mrefu ofisi ile ilikuwa ikitibu tatizo hilohilo kwa kuzima kompyuta inayohifadhi folda na kuiwasha upya. Dawa hiyo ilionekana kufanya kazi, na mara mbili ilikuwa imeharibu faili.

Ninapoombwa ushauri kama kanzidata iachwe kwenye folda ya pamoja au ihamishwe, ile penseli ndiyo ninayoifikiria kwanza. Swali linaloamua mengi ni hili: nani anashika kalamu? Faili la kanzidata likikaa kwenye folda ya pamoja, kompyuta inayolihifadhi haielewi chochote kilichomo. Kazi yake ni kutoa na kupokea vipande vya faili. Kila kompyuta ya mtumiaji inavuta vipande hivyo kupitia waya, inavibadilisha yenyewe, kisha inavirudisha. Ni daftari moja mezani na watu wanane, kila mmoja na kalamu yake, wanaoelewana kwa ishara tu. Kwenye seva ya kanzidata daftari analo karani mmoja. Wengine wote wanamwambia cha kuandika, na hakuna mwingine anayeligusa.

Kabla ya kuhama, jua unaumwa nini

Nimeona ofisi zikihama kwa gharama na usumbufu mwingi ilhali tatizo lilikuwa ruhusa ya folda. Nimeona pia ofisi ziking'ang'ania faili lililokuwa likiharibika kila wiki, zikiamini ni suala la ruhusa. Malalamiko yanafanana sana mtu akiyasikia kwa simu: "imegoma", "haifunguki". Lakini asili zake ni tatu tofauti, na kila moja inaelekeza kwenye uamuzi wake.

Ya kwanza ni ruhusa. Kwenye Windows folda ya pamoja ina tabaka mbili za ruhusa: zile za kushirikisha folda na zile za diski yenyewe. Mtumiaji akiingia kupitia mtandao, tabaka kali zaidi ndiyo inayotawala. Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni kumpa mtu haki ya kuandika kwenye faili la kanzidata peke yake, bila kumpa haki ya kutengeneza na kufuta mafaili ndani ya folda. Matokeo yake lile faili dogo la kufuli haliwezi kuzaliwa, na kushirikiana kunavunjika: mmoja anaingia, mwingine anakataliwa, wa tatu anafunguliwa kwa kusoma tu. Kipimo chake ni chepesi. Kaa kwenye kompyuta ya mlalamikaji, kwa akaunti yake na si yako, nenda kwenye folda ile, tengeneza faili tupu la maandishi, libadilishe jina, lifute. Hatua moja ikikataa, umepata ugonjwa, na huna haja ya kuhamia popote.

Karibu na hilo kuna kikomo ambacho wengi hawakijui. Ikiwa "seva" yenu ni kompyuta ya kawaida yenye Windows 10 au 11, inapokea miunganisho 20 tu ya kushirikiana kwa wakati mmoja. Dalili yake inatambulika: anayefika wa mwisho ndiye anayekosa, na kesho anakosa mwingine. Ukihamisha kiti, ukibadilisha kebo, ukisafisha kompyuta ya mlalamikaji, hali ni ileile. Kumbuka pia kwamba printa inayotuma skani kwenye folda za kompyuta hiyo nayo inaweza kula nafasi.

Na kabla sijasahau, herufi za diski. Mmoja ameunganisha folda kama Z, mwenzake kama X, na majedwali yaliyounganishwa (yale ambayo data yake iko kwenye faili jingine) yanatafuta njia isiyokuwepo. Tumieni njia kamili ya aina ya \\seva\hesabu\leja.accdb kila mahali, mtaepuka usumbufu mwingi.

Ya pili ni kufuli, kama kisa cha STOO2. Kufuli ni jambo la afya. Kazi yake ni kuzuia watu wawili wasifutiane maandishi. Linakuwa tatizo pale aliyefunga anapoondoka. Ujumbe wenyewe mara nyingi hutaja kompyuta, kwa hiyo usomwe wote. Majina yaliyomo kwenye faili la laccdb yasomwe kwa tahadhari: mtu aliyekwisha kutoka jina lake linaweza kubaki humo hadi faili lifutwe, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi kwamba mtu yumo. Kwenye kompyuta inayohifadhi faili, amri ya Get-SmbOpenFile ndani ya PowerShell, dirisha la amri la Windows, itakuonyesha ni nani amelishika sasa hivi. Ipo amri nyingine ya kumnyang'anya kwa nguvu. Naomba sana usiikimbilie. Ukimkata mtu katikati ya kuandika, umetengeneza tatizo la tatu kwa mikono yako.

Kuna pia kufuli la wingi. Mtu anapobadilisha maelfu ya rekodi kwa mkupuo, Access inaweza kulalamika kwamba idadi ya makufuli imezidi. Kikomo cha kawaida ni 9,500 kwa faili, nacho kinaweza kuongezwa kupitia mpangilio wa MaxLocksPerFile, au kazi ikagawanywa vipande.

Ya tatu ndiyo inayonipa wasiwasi: faili kuharibika. Ujumbe unasema muundo wa kanzidata hautambuliki, au faili liko katika hali isiyoeleweka na linahitaji kukarabatiwa. Hapa kalamu imekatika mkononi mwa mtu katikati ya neno. Laptopu iliyofunikwa ikiwa inahifadhi, Wi-Fi iliyoruka sekunde tatu mtu alipobeba kompyuta kwenda chumba cha mkutano, kompyuta iliyolala, umeme uliokatika, kebo iliyolegea kwenye swichi: vyote vinaacha faili likiwa na kipande kipya na kipande cha zamani visivyopatana. Kitufe cha Compact and Repair huokoa mara nyingi, lakini kinaweza pia kuacha nje rekodi kisichoweza kuzisoma. Kwa hiyo nakili faili lililoharibika kwanza, kisha karabati nakala.

Windows yenyewe nayo imewahi kuchangia. Mwaka 2018, baada ya toleo la 1803 la Windows 10, ofisi nyingi zilianza kuona mafaili ya Access yakiharibika bila sababu ya wazi. Kiini kilikuwa namna kompyuta za watumiaji zinavyopewa kibali cha kushikilia vipande vya faili kwenye kumbukumbu zao na kuchelewa kuvirudisha. Tiba iliyotolewa na Microsoft ilikuwa kuzima kibali hicho kwenye kompyuta inayohifadhi faili, kwa kuweka thamani ya DisableLeasing kuwa 1 kwenye rejista (registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows), ndani ya vigezo vya LanmanServer, kisha kuwasha upya huduma ya Server wakati hakuna mtu ndani. Bei yake ni kwamba mafaili mengine ya folda za mashine hiyo yanaweza kufunguka polepole kidogo. Wanaotumia seva ya Linux yenye Samba, programu ya kushirikisha folda na kompyuta za Windows, wana njia nyembamba zaidi: mpangilio wa veto oplock files huzima vibali hivyo kwa mafaili ya kanzidata pekee, mengine yakabaki na kasi yake.

Ukishajua ugonjwa ni upi, ndipo ulinganishe njia.

| Njia | Anayeandika ndani ya faili | Mtandao ukikatika mtu anapohifadhi | Ugumu wa kuanzisha |
|---|---|---|---|
| Faili moja, wote wanalifungua | Kila kompyuta | Faili zima linaweza kuharibika, fomu na data | Hakuna |
| Faili lililogawanywa | Kila kompyuta | Data inaweza kuharibika, fomu ziko salama | Saa chache |
| Seva ya kanzidata | Seva peke yake | Badiliko lililokatika linafutwa, data iko salama | Siku kadhaa hadi wiki |
| Kufanya kazi kwa mbali ndani ya seva | Mashine moja | Kazi inaendelea kule, mtu anaunganisha tena | Siku moja au mbili, na leseni |

Faili moja kwa wote

Sitakaa sana hapa. Fomu, ripoti na data vyote vimo katika faili moja, na kila mtu analibofya kutoka folda ya pamoja. Kwa mtu mmoja au wawili wenye kebo, linaweza kwenda miaka. Wakizidi hapo, kila fomu inayofunguliwa inasafirishwa kwenye mtandao, huwezi kurekebisha ripoti bila kuwatoa watu wote, na faili likiharibika mmepoteza data pamoja na programu yenyewe. Kama ndivyo mlivyo leo, njia inayofuata msiisubiri.

Kugawanya faili

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa ofisi nyingi, na wengi wanairuka kwa sababu haina sifa kubwa. Majedwali yanabaki kwenye faili moja katika folda ya pamoja. Fomu, ripoti na maulizo (queries) vinawekwa kwenye faili la pili, na kila mtumiaji anapewa nakala yake ndani ya diski ya kompyuta yake. Access ina kifaa cha kugawanya kwenye menyu yake ya zana za kanzidata, kinachomaliza kazi kwa dakika chache. Muda mwingi utautumia kwenda kompyuta hadi kompyuta na kuhakikisha viungo vinaelekea njia moja.

Wanapokosea ni hapa: wanagawanya vizuri, kisha wanaliweka faili la fomu kwenye folda ileile ya pamoja na wote wanalifungua hilohilo. Hapo hawajagawanya kitu. Kila mtu awe na nakala yake. Ili nakala zisipishane matoleo, andika faili dogo la amri linalonakili toleo jipya kutoka folda ya pamoja kila asubuhi kabla ya kufungua, na njia ya mkato ya mtumiaji ielekee kwenye amri hiyo.

Ukishagawanya, watu watalalamika kwamba imekuwa polepole. Usikate tamaa, sababu yake inajulikana. Kila fomu inapofungwa na nyingine kufunguliwa, muunganisho na faili la data unafungwa na kufunguliwa upya, na lile faili la kufuli linafutwa na kuzaliwa tena. Tengeneza fomu moja iliyofichwa, iunganishe na jedwali dogo la nyuma, ifunguke programu inapoanza na isifungwe hadi mwisho. Muunganisho unabaki wazi siku nzima. Nimeona programu iliyokuwa ikisubiriwa kwa sekunde nyingi ikirudi kufunguka papo hapo kwa badiliko hili moja.

Lakini tusidanganyane kuhusu kilichobadilika. Kalamu bado ziko mikononi mwa wote. Kikomo cha faili ni kilekile, GB 2. Kwenye karatasi Access inaruhusu watumiaji 255 kwa pamoja. Namba hiyo isikuvutie. Kwa uzoefu wangu, watu kumi hivi wanaoandika kwa wakati mmoja, wote kwa kebo, ni hali tulivu. Wakielekea ishirini, unaanza kuishi kwa bahati. Na mtu mmoja wa Wi-Fi anatosha kuwaharibia wote, kwa sababu faili ni moja.

Nakala rudufu nazo zinahitaji nidhamu. Ukinakili faili watu wakiwa ndani, unaweza kupata nakala iliyokatwa katikati. Ratibu unakili usiku, na amri yako iangalie kwanza kama faili la laccdb limetoweka. Likiwepo, ikuandikie taarifa badala ya kunakili kimya kimya.

Seva ya kanzidata

Hapa karani ndiye anayeshika daftari. Chaguo za bure zinatosha kabisa kwa ofisi ya kawaida: SQL Server Express, PostgreSQL na MariaDB. Hadi toleo la 2022, Express ina kikomo cha GB 10 kwa kila kanzidata. Mbili nyingine hazina kikomo cha namna hiyo cha kukusumbua. Faida kubwa ni ile ya safu ya tatu kwenye jedwali la hapo juu. Seva huandika kwanza kwenye faili lake la kumbukumbu (log) kile inachotaka kufanya, kisha inakifanya. Mtumiaji akikatika katikati, badiliko lake ambalo halijakamilika linafutwa, na wengine hawahisi chochote. Laptopu ifunikwe, Wi-Fi iruke, umeme ukatike kwenye meza ya mtu: data inabaki kama ilivyokuwa kabla hajaanza.

Habari njema kwa waliowekeza kwenye fomu za Access ni kwamba hawalazimiki kuzitupa. Majedwali yanahamia seva, faili la fomu linabaki kwenye kila kompyuta, na viungo vinapitia ODBC, daraja la kawaida kati ya programu na kanzidata. Microsoft inatoa bure zana ya kuhamisha majedwali ya Access kwenda SQL Server, inaitwa SSMA. Ndiyo maana nasema kugawanya faili kamwe si kazi iliyopotea: aliyekwisha kugawanya ameshapiga nusu ya safari.

Nusu inayobaki ina mashimo yake, na nitayataja kwa sababu yamewarudisha nyuma watu wengi walioanza vizuri.

La kwanza ni muunganisho wenyewe. Mara nyingi seva hizi hazifungui milango yake kwa mtandao mara tu zikisakinishwa. SQL Server Express huja na TCP/IP, njia yake ya kupokea watu wa mtandaoni, ikiwa imezimwa. PostgreSQL husikiliza kompyuta yake yenyewe tu hadi ubadilishe listen_addresses na kuongeza mstari kwenye pg_hba.conf. MariaDB kwenye Debian na Ubuntu (aina za Linux) imefungwa kwa anwani ya 127.0.0.1, yaani kompyuta yake yenyewe. Juu ya hapo ngome ya ulinzi ya Windows (firewall) lazima iruhusu mlango (port) unaohusika: kwa kawaida 1433 kwa SQL Server, 5432 kwa PostgreSQL, 3306 kwa MariaDB. Kama programu inafanya kazi ukiwa umekaa kwenye seva na inagoma kwenye meza nyingine zote, acha kuhangaika na nenosiri, angalia mambo haya.

La pili ni majedwali yasiyo na ufunguo mkuu, yaani safu inayotambulisha kila rekodi bila kujirudia. Access haitakubali kuandika kwenye jedwali la namna hiyo likishaunganishwa kupitia ODBC, na mtumiaji ataona tena "kusoma tu", dalili ileile aliyoikimbia. Kila jedwali lipewe ufunguo kabla ya kuhama.

La tatu linachanganya zaidi. Mtu yuko peke yake, anabadilisha rekodi, anaambiwa mwingine ameibadilisha. Kwenye SQL Server, mara nyingi ni safu ya ndiyo-au-hapana iliyoachwa tupu. Access haijui tupu kwenye safu ya namna hiyo, inaona thamani haifanani na iliyoisoma, inadhani kuna mtu kaingilia. Jaza thamani ya msingi kwenye safu hizo, na ongeza safu ya rowversion, ambayo seva huibadilisha kila rekodi inapobadilika, kwenye kila jedwali. Tatizo linaisha.

La nne ni kasi. Fomu iliyozoea kufungua jedwali zima na kutafuta ndani yake itajikokota. Ifanye iulize kwanza: mteja gani, mwezi gani, kisha ivute rekodi hizo tu. Hapo ndipo utaona tofauti ya kumtuma karani na kwenda kupekua kabati mwenyewe.

Na nakala rudufu zinabadilika kabisa. Hunakili tena faili. Unaiagiza seva itoe nakala, watu wakiwa wanaendelea na kazi. Express haina kipanga ratiba chake cha ndani, kwa hiyo unatumia kile cha Windows pamoja na sqlcmd, programu ya kuipa seva amri. PostgreSQL ina pg_dump kwa kazi hiyo. Jaribu kuirudisha nakala kwenye mashine nyingine angalau mara moja kabla hujamwambia mkuu wa ofisi kwamba mko salama.

Kufanya kazi kwa mbali

Kuna hali ambayo huwezi kugusa programu: uliinunua, aliyeiandika hapatikani, na imejengwa kwa mafaili tu. Mfano wake ni mifumo ya zamani ya FoxPro, ambayo Microsoft ilifunga msaada wake Januari 2015 na ambayo faharasa zake huharibika mtandao ukiyumba. Hapo dawa ni kuiweka programu na faili kwenye mashine moja, watu wakaingia kwa Remote Desktop na kuona skrini tu. Vipande vya faili havipiti kwenye waya tena. Mtandao ukikatika, kikao kinaendelea kule, na mtu akiunganisha tena anakuta fomu yake kama alivyoiacha. Inafaa pia kwa tawi lililo mbali. Gharama iko kwenye leseni: Windows ya kawaida inaruhusu mtu mmoja kwa wakati, kwa hiyo unahitaji Windows Server na leseni za watumiaji.

Isiyofaa kabisa

Kuweka faili la kanzidata kwenye folda ya kusawazisha kama OneDrive au Dropbox na kuwaambia watu walifungue huko. Natamani kila ofisi ilijue hili kabla ya kulijaribu. Huduma hizo hazishirikishi faili moja. Zinampa kila mtu nakala yake, kisha zinajaribu kuzilinganisha. Kufuli la kompyuta yako halionekani kwenye ya mwenzako. Wawili wakiandika asubuhi moja, jioni kuna mafaili mawili, kila moja lina ankara ambazo lingine halina, na hakuna kitufe cha kuyaunganisha. Kama hifadhi ya nakala rudufu zilizofungwa ni nzuri sana. Kama mahali pa kufanyia kazi ni maafa.

Wanaotumia programu zilizojengwa kwa SQLite, kanzidata inayokaa ndani ya faili moja bila seva, wajue pia kwamba waandishi wa SQLite wenyewe wanashauri faili lake lisifunguliwe na kompyuta nyingi kupitia folda ya mtandao. Mtindo wake wa WAL, wa kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, haufanyi kazi huko kabisa, kwa sababu unahitaji wote wanaolifungua wawe kwenye mashine moja. Ujumbe wa "database is locked" unaorudi kila mara unaweza kuwa dalili ya hilo. Kwao kugawanya faili hakusaidii. Waende seva au Remote Desktop.

Mimi ningechaguaje

Watu watatu hadi kumi, wote kwenye jengo moja na kwa kebo, malalamiko yenu ni ya ruhusa na kufuli: gawanyeni faili, rekebisheni folda, na mkae kwa amani. Hakuna haja ya seva kwa sababu tu neno hilo linasikika vizuri kwenye kikao.

Faili limekarabatiwa mara mbili ndani ya mwezi, au limepita GB 1, au kuna hata mtu mmoja anayelazimika kutumia Wi-Fi au VPN (kuunganika akiwa nje ya ofisi): anzeni kupanga kuhamia seva sasa, wakati faili bado linafunguka. Kuhama mkiwa na faili lililokufa ni kazi nyingine kabisa. Na kama kanzidata ina mishahara au madeni ya watu, mimi ningehama hata bila dalili hizo. Anayeweza kuandika kwenye folda ya pamoja anaweza kulinakili faili zima kwenye flashi na kuondoka nalo. Seva inakuruhusu kumpa mtu jedwali moja na kumnyima lingine.

Ofisi ya yule mhasibu ilianza kwa kugawanya. Walikaa hivyo miezi kadhaa bila shida, mpaka meneja aliponunuliwa laptopu na kuanza kupitisha ankara akiwa kwenye chumba cha mkutano. Faili liliharibika wiki ileile. Tulihamia SQL Server Express, fomu zikabaki zilezile, na wengi hawakujua kwamba kuna kilichobadilika. Siku moja nilipita stoo jioni, nikagusa kipanya cha STOO2. Fomu ilikuwa wazi, ankara imeandikwa nusu, penseli iko pale pembeni. Nikampigia mhasibu nikimwomba ajaribu kuihifadhi ankara ileile kutoka mezani kwake. Ikahifadhika mara moja. Yale maandishi ya nusu yalikuwa yamo ndani ya kompyuta ya stoo tu, hayajamfungia mtu yeyote. Nikabonyeza Esc na kuzima skrini.